Skurubu za chini: laptopu za mtumba na gemu Kitui na Makueni

Kuna swali ambalo kila nikienda Wote au Kitui mjini lazima niulizwe, na kwa kuwa nimesomea kompyuta watu hudhani jibu lake ni neno moja: "Hii laptopu yangu ya zamani niiongezee nini ndio gemu zisikwame?" Jibu fupi lipo na nitalitoa humu humu. Lakini jibu lenyewe hasa ni historia. Kile unachoweza kuongeza leo kiliamuliwa na watu walio mbali sana na hapa, miaka kumi au kumi na tano iliyopita, siku walipokaa kuamua chini ya mashine waweke kifuniko cha aina gani na skurubu ngapi.

Tuanze na barabara. Laptopu nyingi za mtumba huingia nchini kupitia Mombasa. Kontena likipanda kuelekea Nairobi hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, na miji yote hiyo iko Makueni. Tangu Januari 2018 mizigo mingi hupanda kwa reli mpya, nayo pia hukata kaunti hiyo hiyo. Hakuna kontena linalosimama kumuuzia mtu wa Kibwezi. Mzigo hufika Nairobi, ukafunguliwa na kupangwa madukani Luthuli Avenue na Moi Avenue, kisha mwenyeji wa Kibwezi anapanda matatu kwenda kununua kitu kilichopita mbele ya boma lao wiki chache kabla. Wa Kitui naye anashuka pale stendi ya Machakos Country Bus, ananunua, anarudi nayo kwenye begi. Nauli ya kwenda na kurudi ni sehemu ya bei ya laptopu, ingawa hakuna anayeihesabu.

Zamani hata hilo halikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta huku Ukambani ilikuwa kitu cha mezani, cha ofisini, cha saiba au cha shule iliyobahatika. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza mwaka 2002 kukarabati kompyuta kuukuu na kuzipeleka mashuleni, na ndivyo wanafunzi wengi wa nchi hii walivyogusa kipanya mara ya kwanza. Shida ilikuwa stima. Nchi ilikuwa imetoka kwenye mgao mkali wa umeme wa mwaka 2000, ukame ulipokausha mabwawa, na vijiji vingi vya Kitui havikuwa na nguzo hata ya kupotelewa na stima. Gemu zilikuwa za PlayStation kwenye kibanda cha mabati sokoni: televisheni moja, vidude viwili vya kuchezea, unalipa kwa mechi, ukifungwa unampisha mwingine.

Laptopu ilibadilisha mambo kwa sababu moja ambayo watu wa mijini huisahau: ina betri. Stima ikipotea dakika ya 80, mechi inaendelea. Unaweza kuichaji sokoni na kwenda kuichezea nyumbani. Mradi wa Last Mile wa mwaka 2015 ulishusha ada ya kuunganishiwa umeme kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma, na nyumba nyingi zikapata taa. Kufikia hapo laptopu zilikuwa zimeshaanza kuingia. (Zile za darasa la kwanza zilizoahidiwa mwaka 2013 ni hadithi nyingine. Zilipofika mwaka 2016 zilikuwa tableti.)

Kwa nini ziliingia kwa wingi? Kampuni za Ulaya hubadilisha mashine za wafanyakazi kila baada ya miaka mitatu au minne. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo kuhusu takataka za kielektroniki, na Uingereza ikaanza kulitekeleza mwaka 2007. Tangu hapo kampuni haikuweza tena kutupa mashine jalalani kimya kimya. Ilibidi impe mtu wa kuzikarabati au kuzichakata, na aliyezikarabati alitafuta soko. Upande wetu, ushuru wa forodha wa kompyuta ulikuwa sufuri chini ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005. Hapo ndipo neno "ex-UK" likaingia katika Kiswahili cha biashara. Septemba 2013 VAT ya asilimia 16 ikarudishwa kwenye kompyuta na bei zikapanda, lakini mto ulikuwa umeshachimba njia yake.

Sasa angalieni jambo hili, ndilo kiini cha yote. Mashine zilizokuja zilikuwa za kazi: ThinkPad, Dell Latitude, HP Compaq na baadaye EliteBook. Hakuna ofisi ya London inayomnunulia karani wake laptopu ya gemu. Kwa hiyo gemu za laptopu huku kwetu zimejengwa juu ya mashine za wahasibu. Mhasibu anahitaji kibodi nzuri, betri, na fundi wa ofisi awe na uwezo wa kuifungua haraka na kubadilisha diski. Grafiki hazimhusu. Tulichorithi ni mashine dhaifu kwa picha lakini rahisi kufunguliwa, na huo urahisi ndio mtaji wetu.

Kizazi cha kwanza kilichofika kwa wingi kilikuwa cha mwaka 2006 na 2007. Chukua ThinkPad T60 au Latitude D620 zenye grafiki za Intel GMA 950. Chipu hiyo ilikuwa nyonge kiasi kwamba sehemu ya hesabu za maumbo iliiachia prosesa. Lakini ilikutana na gemu ya saizi yake. GTA San Andreas ilitoka kwa kompyuta Juni 2005 ikitaka prosesa ya GHz 1, RAM ya MB 256 na grafiki za MB 64. Ndiyo maana gemu ile iliishi muda mrefu kuliko mashine zenyewe. Ilipita kwenye DVD, ikapita kwenye flashi, ikapita maduka ya muvi ambako unapeleka diski yako ujaziwe, na mpaka leo mtu akikwambia laptopu yake "inacheza gemu" muulize kwanza kama ana maana ya San Andreas. Kuboresha mashine wakati huo kulikuwa kuitoa RAM kutoka MB 512 hadi GB 2. Skurubu chache, kifuniko kinatoka, kipande kinaingia kwa pembe halafu unakishusha mpaka kilie. Basi.

Wajanja wakasema hawataki Intel, wanataka laptopu yenye chipu ya Nvidia. Kwenye karatasi walikuwa sahihi kabisa. Na hapa ndipo wengi walipopoteza pesa.

Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kwamba ingetenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa kupita kiasi, na ikataja udhaifu katika vifaa vilivyotumika kuifungasha chipu. Maelezo yaliyokubalika zaidi ni haya: chipu yenyewe hukaa juu ya kibao kidogo, ikishikwa na vifundo vidogo sana vya lehemu, na katikati hujazwa gundi ya kuvitegemeza. Mashine ikipata moto na kupoa kila siku, chipu na kibao hutanuka kwa viwango tofauti. Gundi ikilainika mapema mno, mzigo wote unavibebesha vifundo, navyo hupasuka. Skrini inaanza kuonyesha mistari, kisha inakuwa nyeusi kabisa. Waliokumbwa ni wa familia za GeForce 8400M na 8600M, na ThinkPad T61 zenye Quadro NVS 140M. HP za Pavilion dv6000 na dv9000 zilipata jina baya duniani kote.

Sasa ichukue mashine hiyo, imeshatumika miaka mitatu Ulaya, uilete Mtito Andei au Mutomo. Chipu haipoi chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 34 badala ya 20, chipu nayo inapanda kwa karibu kiasi hicho hicho. Wenzetu wa Kilungu na Mbooni, ambao Julai wanavaa sweta, walikuwa na nafuu kidogo. Mafundi walijifunza kuichoma chipu kwa bloa ya hewa moto, na wengine waliutia ubao mama mzima kwenye oveni. Mashine ilifufuka, mwenyewe akalipa na kushukuru, na baada ya wiki kadhaa ikafa tena. Kuchoma hakukuiondoa ile gundi mbaya. Fundi aliyefanya hivyo kwa nia njema simlaumu, ila aliyeendelea kuuza matengenezo hayo akijua yanadumu mwezi mmoja, huyo ni jambo jingine. Mahakamani Marekani kulifikiwa makubaliano mwaka 2010 ya kuwafidia wanunuzi wa huko. Aliyenunua mtumba Nairobi hakuwemo.

Ndiyo maana T61 zilizosalia hai ni zile za grafiki za Intel, ambazo wachezaji walizidharau.

Kisha ukaja wakati mzuri kuliko wote, mashine za 2011 hadi 2013. ThinkPad T420 na T430, Latitude E6420 na E6430, EliteBook 8460p na 8470p. Zilianza kufika hapa miaka mitatu minne baadaye na bado zinafanya kazi. EliteBook 8460p haihitaji hata bisibisi: unasukuma kitasa, kifuniko chote cha chini kinatoka, na diski, RAM, feni, vyote viko mbele yako. T430 ina nafasi mbili za RAM, na prosesa yake imekaa kwenye soketi, inatoka. Grafiki za Intel HD 3000 za 2011 na HD 4000 za 2012 zilikuwa za kwanza za Intel ambazo mchezaji angeweza kuzitaja bila aibu. PES 2013, ya mwisho kabla Konami haijahamia injini mpya, inakwenda vizuri. FIFA 14 vivyo hivyo, maana FIFA 15 ndiyo iliyoleta injini nzito kwenye kompyuta. GTA V ya Aprili 2015 ilitaka RAM ya GB 4, grafiki za GB 1 na nafasi ya GB 65 kwenye diski. Kwa HD 4000 inafunguka, inacheza kwa shida, na kijana mwenye subira anaimaliza.

Jibu fupi nililoahidi linahusu mashine hizi. Grafiki za Intel hazina kumbukumbu yake, zinaazima RAM ya mashine. Kwa hiyo kasi ya RAM ndiyo kasi ya grafiki. RAM ya DDR3 ya 1600 ikiwa kipande kimoja hupitisha GB 12.8 kwa sekunde. Vikiwa vipande viwili, kila kimoja na njia yake, ni GB 25.6. Mashine nyingi za ex-UK huja na kipande kimoja cha GB 4, nafasi ya pili tupu. Ukiweka cha pili kinachofanana umeongeza GB, ndiyo, lakini pia umeifungulia grafiki barabara ya pili. Watu wengi hununua kipande kimoja kikubwa cha GB 8 wakitupa kile cha kwanza, halafu wanashangaa gemu inakwama vile vile. Na hakikisheni Windows ni ya biti 64, kwa sababu ya biti 32 haiwezi kuitumia RAM ya GB 4 yote, sembuse 8.

SSD ndiyo ya pili. Haiongezi fremu kwa sekunde, tusidanganyane. Ila gemu inayosoma mji kutoka kwenye diski ukiwa unaendesha gari, kama GTA, husimama simama kwa sababu diski ya mzunguko wa 5400 haiwahi. Ukiweka SSD kwenye nafasi ya diski, ile diski ya zamani unaihamishia pale palipokuwa DVD kwa kifremu maalum, na unabaki na hifadhi ya gemu na muvi.

Lakini kabla ya vyote hivyo, feni. Vumbi jekundu la huku linaingia kwenye mapezi ya shaba na kutengeneza blanketi, na dawa ya joto iliyopakwa juu ya prosesa kiwandani imekauka kama saruji. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mchezaji anaona gemu nzuri kwa dakika kumi za kwanza, halafu inaanza kukwama, anafikiri ni virusi. Kuifungua, kupuliza vumbi na kupaka dawa mpya ni kazi ya saa moja, na kwa maoni yangu ndilo boresho lenye thamani kubwa kuliko yote hapa Kitui na Makueni. Ni rahisi mno kiasi kwamba wauzaji hawalitaji.

Wapo waliofika mbali zaidi, wakaunganisha kadi ya grafiki ya kompyuta ya mezani kupitia tundu la ExpressCard. Inawezekana. Lakini tundu lile hupitisha MB 500 tu kwa sekunde kwenye matoleo ya pili, kadi inataka umeme wake wa pembeni, na stima ikipotea kadi inazima ghafla ukiwa katikati ya mchezo. Ile faida ya betri imekwisha. Binafsi naona ni raha ya fundi zaidi kuliko ya mchezaji.

Na jambo dogo la kukera: tangazo likisema "graphics GB 4" kwa EliteBook isiyo na chipu ya pili, huo si uongo mtupu, ni ujanja. Windows huhesabu sehemu ya RAM ambayo grafiki zinaweza kuazima, mara nyingi nusu yake. Ongeza RAM mpaka 16 na tangazo litasema "graphics GB 8". Chipu ni ile ile.

Kwa nini basi nasema haya ni historia? Kwa sababu mlango unafungwa. Ulianza kufungwa Januari 2008, Apple ilipoonyesha MacBook Air yenye RAM iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Mwaka 2011 Intel ikawahimiza watengenezaji wote kutengeneza laptopu nyembamba za Ultrabook. ThinkPad T440s ya 2013 ilikuja na GB 4 za kulehemiwa na nafasi moja tu. T440p ya mwaka huo huo ndiyo ya mwisho ya ukoo huo yenye prosesa ya kutoka kwenye soketi. T490 ya 2019 ikawa na nusu ya kulehemiwa, nusu ya nafasi. T14s ya 2020 ni ya kulehemiwa yote. Si hila tupu za kibiashara: RAM ya LPDDR inayookoa betri hufanya kazi vizuri ikiwa karibu sana na prosesa, na kwa muda mrefu haikuwa na namna ya kuwekwa kwenye kipande cha kuchomoa. Mhandisi alikuwa na sababu zake. Ila mhandisi hakuwa akimfikiria mwanafunzi wa SEKU pale Kwa Vonza ambaye ataipata mashine hiyo ikiwa mkono wa pili, akiwa na pesa ya laptopu moja kwa miaka minne yote ya chuo, ya kuandikia programu mchana na kucheza mpira usiku. Yeye alizoea kununua kidogo leo na kuongeza mwaka kesho. Mashine ya GB 8 za kulehemiwa itabaki na GB 8 mpaka ife.

Kwa sasa tuko kwenye mavuno. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa ujumla inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Ofisi za Ulaya zimezitoa mashine za kizazi cha sita na cha saba, na ndani ya mzigo huo mna EliteBook 840 G3 na G4 na ThinkPad T470, zote zenye nafasi mbili za RAM. T480 ya 2018 ina nafasi mbili na inakubali Windows 11, na chache zilitoka na chipu ya Nvidia MX150. Ukikuta hiyo kwa bei ya kawaida, muuzaji hajui alicho nacho. Nyuma yao kwenye foleni ndipo zinapokuja zile za kulehemiwa.

Upande wa viwandani kuna dalili ya kurudi nyuma. Desemba 2023 kilipitishwa kiwango kiitwacho CAMM2, ambacho kinaiweka hata LPDDR kwenye kipande cha kufunga kwa skurubu, na ThinkPad P1 ya 2024 ilikitumia. Kwa mwendo wa mitumba, hizo tusizitegemee Emali kabla ya mwisho wa muongo huu.

Ukiwa dukani, usiulize muuzaji. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa Performance, chagua Memory. Pale chini utaona Slots used, na mstari wa Form factor. Ikiandikwa SODIMM na 1 of 2, kuna nafasi tupu inakungoja. Ikiandikwa Row of chips, RAM hiyo imelehemiwa, na bei inayotajwa iwe ya mashine ambayo haitaongezwa chochote.